Kompyuta ya gemu: anzia kwenye monita, hesabu kwa milisekunde

Anayetaka kuunda kompyuta ya gemu nyumbani huanza na swali moja: ninunue kadi gani ya grafiki? Swali hilo linaulizwa mapema mno. Kadi haina uzuri wa peke yake. Uzuri wake unategemea imewekwa mbele ya monita gani, na kwa gemu za aina gani. Kadi inayofanya kazi kwa raha kwenye monita ya pikseli 1920 kwa 1080 itatoka jasho kwenye ile ya 3840 kwa 2160. Na kadi ya bei ya kutisha ikiunganishwa na monita ya Hz 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, itakuwa inachora picha ambazo hakuna jicho litakaloziona. Monita ndiyo inayoamua kazi itakuwa kubwa kiasi gani, kwa hiyo tuanzie kwenye kioo, kisha turudi nyuma hadi ndani ya kasha.

Kipimo nacho tukibadilishe. Watu wamezoea kuhesabu fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde, na namba hiyo inaficha mambo ambayo muda wa fremu moja unayaweka wazi. Monita ya Hz 60 inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7. Ya Hz 144, kila baada ya 6.9. Ya Hz 240, kila baada ya 4.2, na ya Hz 360, kila baada ya 2.8. Hapo linajitokeza jambo ambalo matangazo hayalisemi: kutoka 60 kwenda 144 umeokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha, kutoka 144 kwenda 240 umeokoa chini ya 3, kutoka 240 kwenda 360 umeokoa 1.4 tu. Hatua ya kwanza anaiona hata asiyecheza gemu kabisa, maana kishale cha kipanya tu kinavyoteleza ni kingine. Hatua ya mwisho ni ya watu wa gemu za kufyatuliana risasi wanaoshindana kwa dhati, na hata wao wengi wangefaidika zaidi wakilala mapema.

Milisekunde hizo ndizo bajeti yako. Ukisema unataka kucheza kwa Hz 144, umeipa kompyuta nzima milisekunde 6.9 za kumaliza kila kitu: kusoma ulichobonyeza, kukokotoa adui yuko wapi, kuchora ukuta pamoja na kivuli chake na moshi unaopita mbele yake, kisha kuikabidhi picha. Ikichelewa hata mara moja, unahisi.

Pikseli ngapi, kwenye kioo cha ukubwa gani

Full HD, ile ya 1920 kwa 1080 inayoitwa pia 1080p, ni pikseli milioni 2.07. Ile ya 2560 kwa 1440, ambayo wengi huiita 1440p, ni milioni 3.69. 4K, ile ya 3840 kwa 2160, ni milioni 8.29, yaani mara nne kamili ya Full HD. Kadi inakokotoa rangi za pikseli hizo zote, hivyo mzigo unapanda pamoja na idadi yake, ingawa haupandi sawasawa, kwa kuwa zipo kazi nyingine ndani ya fremu ambazo hazijali picha ni kubwa kiasi gani.

Ila idadi ya pikseli bila ukubwa wa kioo haikuambii kitu. Jicho linaona msongamano. Full HD kwenye inchi 24 ni kama pikseli 92 kwa kila inchi, na inatosha. Itandaze Full HD hiyo hiyo kwenye inchi 27, msongamano unashuka hadi 82, na kwa aliyekaa umbali wa mkono mmoja herufi zinaanza kuonyesha meno. 1440p kwenye inchi 27 inatoa 109. 4K kwenye inchi 32 inatoa 138. Mimi naegemea 1440p ya inchi 27 kwa mtu anayetaka kompyuta moja ya kila kitu: picha imeshiba, na kadi ya daraja la kati inaimudu bila kulazimika kukimbizana na kila toleo jipya. 4K inapendeza, hasa kwenye gemu za kutembea taratibu ukitazama mandhari, lakini ukiichagua jua kwamba utaendelea kuilipia kila utakapobadilisha kadi.

Ile milisekunde 1 iliyoandikwa kwenye boksi

Monita nyingi za gemu zinajinadi kwa "ms 1". Inafaa kujua namba hiyo imetoka wapi, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Kwenye paneli za LCD, pikseli hubadilika rangi kwa fuwele kujigeuza, na kujigeuza kunachukua muda. Paneli hizo zina aina tatu: IPS, VA na TN. Za IPS zina rangi nzuri na ukizitazama kwa pembeni hazififii, lakini nyeusi yake ina ukijivu, kwa sababu sehemu nyeupe inaizidi ile nyeusi kwa mwanga kama mara 1000 hivi. VA inafika mara 3000 au zaidi, kwa hiyo usiku ndani ya gemu unakuwa usiku kweli. Tatizo lake ni kwamba fuwele zake huwa nzito kutoka rangi moja ya giza kwenda nyingine ya giza, na ukigeuza kamera kwenye pango unaona vitu vinaburuta mkia mweusi. TN ilitamba enzi zake kwa wepesi. Siku hizi sioni sababu ya kuinunua.

Ili kuziharakisha fuwele, monita inazisukuma kwa volti ya ziada. Mpangilio huo unaitwa overdraivu, na kwenye menyu ya monita utaukuta una ngazi tatu au nne. Ile "ms 1" mara nyingi imepimwa kwenye ngazi ya juu kabisa, kwa badiliko la rangi lililo jepesi kuliko yote. Ukiiweka monita kwenye ngazi hiyo nyumbani, fuwele zinapitiliza rangi zilizotakiwa kisha zinarudi, na nyuma ya kila kitu kinachokimbia unaona ukingo mweupe wa ajabu. Ngazi ya kati karibu kila mara ndiyo yenye akili. Tena ngazi inayofaa kwa Hz 144 inaweza kupitiliza gemu inaposhuka hadi fremu 60, kwa hiyo ijaribu kwa kasi unayochezea kweli, si kwa ile ya kwenye boksi.

Paneli za OLED hazina fuwele za kugeuza. Kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, inabadilika ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde, na nyeusi yake ni pikseli iliyozimwa. Ndiyo maana aliyezoea OLED ni vigumu kumrudisha kwenye IPS. Hofu yake ni picha kuganda: alama zinazokaa sehemu moja kwa saa nyingi, kama upau wa chini wa Windows au ramani ndogo pembeni mwa gemu, zinazichosha pikseli zake na kuacha kovu. Anayefanya kazi za ofisi mchana kutwa kwenye monita hiyo hiyo afikirie mara mbili, au angalau aufiche upau huo, apunguze mwanga, na aiache monita ijisafishe inapoomba kufanya hivyo.

Kuna ukungu mwingine ambao hata OLED haiuponyi, na hapa ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanapoishia njiani. Picha kwenye monita za kisasa haisogei. Inasimama tuli kwa muda wote wa fremu, kisha inaruka hadi mahali pengine. Jicho lako, kwa upande wake, halirukiruki. Linafuata kitu kwa mwendo laini. Sasa chukua gari linalokatiza skrini kwa kasi ya pikseli 960 kwa sekunde. Kwa Hz 60, ndani ya fremu moja jicho limesogea pikseli 16 huku gari limesimama palepale. Pikseli hizo 16 ndizo upana wa ukungu unaouona kwenye namba ya gari. Kwa Hz 120 ukungu unakuwa pikseli 8; kwa Hz 240, pikseli 4. Fuwele au hakuna fuwele, hesabu ni ile ile. Ukitaka kujionea, fungua TestUFO, kipimo cha bure cha Blur Busters kinachoendeshwa ndani ya kivinjari: visahani vya angani vinapita kwa mwendo mmoja lakini kwa idadi tofauti za fremu, na kile chenye fremu chache kuliko vyote kinaonekana kama kilichopakwa mafuta.

Zipo monita zinazopunguza ukungu huo kwa kuzima taa ya nyuma kati ya fremu na fremu. Inafanya kazi, ila mwanga unapungua, baadhi ya macho yanachoka, na kwa kawaida huwezi kuitumia pamoja na kasi inayobadilika tutakayoizungumzia hapa chini.

Kuhusu HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, nitasema kidogo tu. Alama ya DisplayHDR 400, ambayo VESA, chombo kinachoweka viwango vya skrini, iliianzisha mwaka 2017 pamoja na nyingine za juu yake, haidai monita iweze kufifisha taa sehemu moja ya skrini na kuacha nyingine iwake. Bila uwezo huo kwenye LCD, HDR inakuwa picha iliyoongezwa mwanga kote, na giza nalo linageuka kijivu. Kama monita si OLED wala haina taa za nyuma zilizogawanywa kanda nyingi, ichukulie kana kwamba haina HDR.

Kuifanya monita imsubiri mchoraji

Kwa miaka mingi monita ilikuwa na mdundo wake mmoja usiobadilika, na kadi ilikuwa na wake. Fremu ikikamilika monita ikiwa katikati ya kuchora, nusu ya juu inaonyesha fremu ya zamani na nusu ya chini mpya; picha inachanika kwa mstari wa mlalo. Dawa ya zamani ni V-Sync, inayoilazimisha kadi kusubiri zamu. Kwenye monita ya Hz 60, fremu iliyochukua milisekunde 17 badala ya 16.7 inakosa zamu yake na kusubiri hadi milisekunde 33.3. Kwa kuchelewa theluthi moja ya milisekunde, umeangukia fremu 30 kwa sekunde. Mkono nao unaona uzito, kwa sababu picha inayofika kwenye kioo imekaa foleni.

Mwaka 2013 NVIDIA, watengenezaji wa kadi, walitangaza G-Sync, mwaka uliofuata VESA ikaingiza Adaptive-Sync kwenye kiwango cha DisplayPort, kiunganishi cha kadi na monita, na AMD, washindani wa NVIDIA, wakaijenga FreeSync juu yake. Wazo ni moja: monita iache mdundo wake, isubiri fremu ikamilike ndipo ibadilishe picha. Tangu Januari 2019 kadi za NVIDIA nazo zinakubali monita za Adaptive-Sync, kwa hiyo ule ugomvi wa zamani wa kununua monita kulingana na chapa ya kadi umekwisha kwa sehemu kubwa.

Sipendekezi tena monita ya gemu isiyo na uwezo huu. Ila angalia masafa yake. Monita inayobadilika kati ya Hz 48 na 144 inafuata fremu zako ndani ya mipaka hiyo tu. Ukishuka chini ya 48, monita nzuri inarudia fremu moja mara mbili ili kubaki ndani, na ili hilo liwezekane kikomo cha juu lazima kiwe angalau mara mbili ya kile cha chini. Masafa ya 48 hadi 75 hayana nafasi hiyo. Ukishuka, mchaniko unarudi.

Juu nako kuna ukingo. Fremu zikiipita kasi ya monita, mambo yote yanarudi kama zamani. Kwa hiyo weka kikomo cha fremu chini kidogo ya kasi hiyo: 141 kwenye monita ya Hz 144, kwa mfano. Kikomo cha ndani ya gemu yenyewe ndicho bora, kwa kuwa kinazuia foleni kabla haijaanza. Kama hakipo, tumia kile cha kwenye driva, programu inayoiendesha kadi. Ni mpangilio usiogharimu chochote, na kompyuta nzima inapoa.

Nani anachelewesha?

Fremu moja inapita mikono miwili. Prosesa inapanga: nani yuko wapi, risasi imefika wapi, kichorwe nini. Kadi inachora. Ni kama fundi mwashi na saidia fundi: matofali yasipofika, fundi anakaa hata awe hodari namna gani, na yakirundikana kwa kasi, ukuta bado unapanda kwa mwendo wa mkono wa fundi. Muda wa fremu unafuata mwendo wa aliye polepole kati yao. Kuboresha yule mwingine hakuongezi kitu, na ndivyo watu wanavyonunua kadi mpya halafu wakaikuta gemu iko vilevile.

Kumjua mchelewaji ni kazi ya dakika chache. Washa programu ya kipimo inayoonyesha takwimu kwenye kona ya skrini huku ukicheza, simama mahali penye watu na vitu vingi, kisha tazama matumizi ya kadi. Yakiwa asilimia 95 na kuendelea, kadi ndiyo inayobanwa. Yakiwa 60 au 70 na hujaweka kikomo cha fremu, prosesa ndiyo inayochelewesha. Usidanganyike na asilimia ya prosesa: prosesa yenye kiini 16 (core, sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) inaweza kuonyesha asilimia 20 huku kiini kimoja kinachobeba kazi kuu ya gemu kimefika ukomo. Hakikisha kwa jaribio la pili: shusha idadi ya pikseli kutoka 1440p hadi 1080p bila kugusa kingine. Fremu zikiongezeka sana, tatizo ni kadi. Zikibaki palepale, prosesa haikuwa na habari na pikseli zako.

Hapa ndipo monita inaporudi kwenye hesabu. Ukienda 4K unamtwisha mzigo mchoraji, na prosesa ya kawaida inapata nafuu. Ukienda Hz 240 unamtwisha mpangaji, maana sasa anatakiwa kuandaa fremu mpya kila milisekunde 4.2, hata uchore kwa ubora wa chini kabisa. Kwa hiyo watu wawili wenye bajeti sawa wanaweza kuhitaji kompyuta tofauti kabisa.

Ukichagua prosesa ya gemu, usihesabu kiini na gigahezi pekee. Mwezi Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D, yenye kiini nane kama ndugu yake 5800X, na kasi ya juu ndogo zaidi, GHz 4.5 dhidi ya 4.7. Tofauti ilikuwa kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe: MB 96 za ngazi ya tatu badala ya 32. Kwenye gemu nyingi yule wa polepole akamwacha ndugu yake mbali, kwa sababu kazi ya gemu ni kuulizia vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika kwenye kumbukumbu, na kila kilichokwisha kukaa ndani ya kashe kinaokoa safari ya kwenda kwenye RAM.

Na unapopima, achana na wastani. Mwaka 2011 Scott Wasson wa Tech Report alianza kuchapisha vipimo vya muda wa kila fremu moja moja, na tangu hapo ikawa vigumu kwa mtu makini kutetea wastani peke yake. Sekunde moja inaweza kuwa na fremu 99 za milisekunde 8 na moja ya milisekunde 208. Wastani unasema fremu 100 kwa sekunde, safi kabisa. Wewe umeona gemu imekwama moja kwa tano ya sekunde wakati adui anakata kona. Angalia kile kinachoitwa asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu chache zilizochelewa kuliko zote, au bora zaidi, mchoro wa muda wa fremu: mstari ulionyooka kwenye milisekunde 11 ni bora kuliko unaochezacheza kati ya 5 na 25.

Kukwama kwa namna hiyo mara nyingi hakutokani na kadi kukosa nguvu bali kukosa nafasi. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, sura za vitu (textures) zinaanza kuchotwa kutoka RAM ya kompyuta kupitia njia iliyo nyembamba mara nyingi zaidi, na hapo ndipo mstari unapopanda ghafla. GB 8 zinatosha kwa gemu nyingi za Full HD lakini kwenye gemu nzito mpya zinabana, na 1440p yenye sura za ubora wa juu inataka 12 au 16. Ikikukuta, usishushe kila kitu: shusha ubora wa sura za vitu ngazi moja tu, kwanza, uone.

Mbinu za kukuza picha zimebadilisha hesabu hizi. DLSS ya NVIDIA, FSR ya AMD na XeSS ya Intel zinachora picha ndogo kisha zinaijaza. DLSS kwenye hali ya Quality ukiwa na monita ya 4K inachora 2560 kwa 1440, chini ya nusu ya pikseli, na ukiwa umekaa kwenye kiti bila kuinamia kioo tofauti ni ndogo. Kadiri monita inavyokuwa na pikseli nyingi ndivyo mbinu hizi zinavyokuwa na malighafi ya kufanyia kazi. Kwenye Full HD zinakuwa hazina pa kushika. Kuzalisha fremu za kati, kulikokuja na DLSS 3 mwaka 2022, ni suala jingine. Fremu hizo zinabuniwa kati ya mbili halisi, kwa hiyo ile ya pili lazima izuiwe kidogo kabla ya kuonyeshwa. Macho yanaona ulaini, mkono hauoni wepesi. Kutoka fremu 70 halisi inapendeza. Kutoka 30 inakuwa gemu laini inayoitika kama ya fremu 30, au polepole zaidi.

Vya bure kabla ya vya kununua

Kompyuta nyingi mpya zinatumika chini ya uwezo wake kwa sababu za kuchekesha. Kebo ya monita imechomekwa kwenye ubao mama, si kwenye kadi. Monita ya Hz 144 inaendeshwa kwa 60 kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows kuibadilisha. Kebo ya zamani ya HDMI inapitisha 4K kwa Hz 60 basi. Hata DisplayPort 1.4, yenye uwezo halisi wa gigabiti 25.9 kwa sekunde, haiwezi kubeba 4K ya Hz 144 bila kubana data, kwani picha peke yake inahitaji gigabiti 28.7. Monita na kadi za kisasa zinaibana zenyewe, ila kebo isiyo na ubora itazimazima skrini na utaishia kuilaumu kadi.

Kisha RAM. Umenunua vipande vilivyoandikwa DDR5-6000, umevichomeka, kompyuta imewaka. Kuna uwezekano mkubwa vinakimbia kwa 4800. Ile 6000 ni ahadi ya mtengenezaji iliyohifadhiwa ndani ya kipande chenyewe, na lazima uingie BIOS, mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, uiruhusu: XMP kwa upande wa Intel, EXPO kwa AMD. Ukiwa na vipande viwili kwenye ubao wa nafasi nne, kwa kawaida vinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, si vyote pamoja upande mmoja. Ukikosea, unaweza kupoteza nusu ya upana wa njia. Na kabla ya kununua, gawanya namba ya CL (mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu) kwa kasi kisha zidisha kwa 2000, upate nanosekunde za kusubiri. DDR5-6000 ya CL30 ni 10. Ya CL40 ni 13.3. Boksi linafanana, kasi inafanana, gemu zinaziona tofauti.

Diski nitaipita haraka: SSD ni lazima, NVMe, aina yake iliyo na kasi zaidi, ni nzuri, lakini kati ya NVMe ya megabaiti 3500 kwa sekunde na ya 7000 gemu nyingi hazitofautishi. Hela hiyo ipeleke kwenye nafasi zaidi.

Kwenye pawa saplai usibane. Alama ya 80 Plus, iwe ya dhahabu au nyingine, inapima tu ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kuwa joto. Haisemi kitu kuhusu ubora wa ulinzi wa ndani. Kadi kubwa huvuta umeme kwa miruko mifupi inayozidi sana wastani wake, na pawa saplai dhaifu inakata katikati ya gemu bila onyo. Zile zinazofuata kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 zimeundwa kuivumilia miruko hiyo. Kiunganishi kipya cha wati 600 kilichokuja wakati huo kinataka kusukumwa hadi kiingie chote. Kikibaki na mwanya, pini zinapata moto, na vichwa vya kebo vilishayeyuka kwa sababu hiyo.

Kuhusu joto, mpangilio ninaoupenda kuliko wote ni kupunguza volti ya kadi. Viwandani kadi zote za aina moja hupewa volti ya kumtosheleza hata aliye dhaifu kati yao, hivyo yako pengine inapewa zaidi ya inachohitaji. Umeme unaoliwa na chipu unakua kwa mraba wa volti: ukishuka kutoka volti 1.05 hadi 0.95 kwa kasi ile ile, umeondoa karibu asilimia 18 ya umeme unaotumika kwenye hesabu zake. Feni zinatulia, na kadi iliyokuwa inajipunguza kasi kwa joto inaacha kujipunguza. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, tazama kadi yako inasimama kwenye kasi gani inapocheza, kisha kwenye mchoro wa volti iambie kasi hiyo hiyo ifikiwe kwa volti ndogo kidogo na mstari ulale kuanzia hapo.

Shusha milivolti 25 kwa kila hatua, na usiijaribu kwa gemu nyepesi. Volti inayotosha kwenye gemu ya kawaida huwa haitoshi kwenye gemu inayokokotoa miale ya mwanga (ray tracing), kwa hiyo jaribu kwa iliyo nzito kuliko zote ulizonazo, nusu saa nzima, huku ukizurura sehemu mbalimbali badala ya kusimama. Gemu ikijifunga yenyewe au driva ikijiwasha upya, rudisha milivolti 25 na ujaribu tena. Usiiruhusu Afterburner iupakie mpangilio huo Windows inapowaka mpaka umepita siku kadhaa bila kujifunga.